Nukta ya Rumonge

Ramani ilipowaka ukutani, Mwalimu Feliksi alitamani kulia. Wanafunzi wote wa darasa la sita walikuwa wametumwa nyumbani wakawaulize babu na bibi zao walizaliwa wapi, na wote walirudi na jibu moja: Bangwe, hapa hapa shule ilipo. Waliosafiri sana walifika Kasingirima, mtaa wa pili. Kwa hiyo kwenye ule ukuta uliopakwa chokaa makusudi kwa ajili ya projekta, mahali palipotakiwa kuwa na nukta nyekundu zilizotapakaa kulizunguka Ziwa Tanganyika lote, palikuwa na nukta moja nene, nukta juu ya nukta, kama doa la mawese kwenye shuka.

Na wageni wa mradi walikuwa wanakuja Ijumaa.

Mradi wenyewe ulikuwa wa kufundisha Maarifa ya Jamii kwa TEHAMA, na pale Shule ya Msingi Mwambao TEHAMA ilikuwa na jina la pili, Feliksi. Yeye ndiye aliyekwenda semina. Yeye ndiye aliyerudi na projekta ya kuazima, akaibeba kifuani kutoka stendi mpaka shuleni, akakataa kupokelewa na mtu yeyote. Tangu siku hiyo alikuwa hasemi tena ubao. Alisema "ukuta wa maonesho". Walimu wenzake walimwita Mtandao, naye akadhani wanamsifu.

"Haiwezekani," aliwaambia watoto. "Yaani babu zenu wote walizaliwa Bangwe? Hao wote walitoshea wapi?"

Watoto wakacheka. Mmoja wa nyuma akasimama. "Mwalimu, baba amesema ukitutuma tena, uje umuulize mwenyewe."

Mtu yeyote aliyekulia huku kwetu angeishia hapo. Sisi ukituuliza tulikotoka hatukimbilii kujibu. Kwanza tunakutazama mkononi kama umeshika faili. Watu wamevuka ziwa na mpaka tangu enzi za mababu, wakaoana, wakazikana, wakasahau nani alikuja na nani alikutwa. Lakini likija suala la kitambulisho, kila mmoja wetu amezaliwa nyuma ya nyumba anayokaa. Feliksi, Muha wa Kasulu, alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Ila taa ya projekta ilikuwa imempiga machoni.

"Sikilizeni," alisema. "Historia haina aibu. Nitaanza mimi." Akachukua kishikwambi chake, akabonyeza kwenye pwani ya Burundi, na nukta ya kwanza ya ugenini ikatokea ukutani, na maandishi pembeni: Bibi Spesiosa, mama yake mama Wema, kazaliwa Rumonge. Akasimulia jinsi mama mkwe wake alivyokuja akiwa mchanga, kabebwa mgongoni na mama yake, wakifuata ufuko kwa miguu. Alisimulia vizuri sana. Binti yake Wema, aliyekuwa dawati la pili, aliinamisha kichwa akaanza kukwangua rangi ya dawati kwa kucha, lakini baba yake alikuwa anautazama ukuta.

Kesho yake mikono ilikuwa juu. Uvira! Kalemie! Makamba! Rumonge tena! Miji mitupu ya ng'ambo ya ziwa na mpaka. Watoto walikuwa wamewabembeleza bibi zao jikoni na babu zao vibarazani, wakayatoa yaliyofichwa miaka yote. Ramani ikachanua. Feliksi aliitazama kwa raha isiyo kifani, halafu akafanya lile ambalo semina ilimfundisha kulifanya baada ya kila kazi nzuri. Alituma linki kwenye grupu la wazazi.

"Wazazi wapendwa," aliandika, "tazameni kazi ya watoto wenu. Majina yote yapo."

*

Jioni ile Regina, mama yake Wema, alirudi kutoka Kibirizi, anakouza dagaa, akakaa kizingitini na beseni lake bila hata kuvua kanga ya kichwani.

"Mwalimu," alimwita mumewe.

Siku za kawaida alikuwa Baba Wema. Mwalimu lilikuwa jina la hali ya hewa mbaya.

"Naam, mke wangu."

"Mama yangu kazaliwa wapi?"

Feliksi alianza kucheka, akaona hapafai, akageuza kicheko kikawa kikohozi. "Umeiona ramani?"

"Catherine, muuza dagaa mwenzangu, ndiye kanionyesha kwenye simu yake. Mbele ya wachukuzi na mbele ya wateja. Ananiambia, 'Dada Regina, kumbe wewe mtu wa Rumonge! Na Jumatatu si ndiyo unaitwa kule kwenye usaili wa kitambulisho?' Nikasema nini? Nikamwambia nafungasha dagaa, niache."

Hapo ndipo Jumatatu ilipomrudia Feliksi. Regina alikuwa anakisubiri kitambulisho cha taifa tangu Wema hajaanza shule. Alikwisha kuitwa mara mbili, akaambiwa arudi na mzazi. Bila kitambulisho hakuweza kusajili laini ya simu, kwa hiyo biashara yake yote ilipita kwenye laini ya mumewe. Wateja wa Tabora wakituma pesa, jina linalotokea ni Feliksi, na wengine ambao hawajawahi kumwona walimpigia wakasema, "Habari za siku, kaka Feliksi," na mama wa watu anaitikia, "Nzuri," kwa sauti nzito kidogo ili asiwachanganye. Feliksi alikuwa akiisimulia hiyo kazini kama kichekesho.

"Nilikuambia lini habari za mama?" Regina aliuliza.

"Zamani. Tulipokuwa wachumba."

"Nilikuambia wewe. Sikuliambia darasa la sita."

"Regina, tulia. Kisheria huna tatizo. Marehemu baba yako alikuwa raia, wa Kasingirima kabisa. Mtoto wa raia ni raia. Kipo kitabu, mimi nakifundisha."

"Kitabu chako kimeshakaa kwenye benchi la ile ofisi?" Regina alivua kanga. "Mimi nimekaa. Pale hawaanzi na marehemu baba. Wanaanza na mama. Sasa nenda kaifute."

"Naifuta sasa hivi."

Alikaa na kishikwambi. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akakizima, akakiwasha. Wema alikuja kusimama nyuma yake. Regina alisonga ugali, akapakua samaki wa migebuka, akaweka mezani, na bado mumewe alikuwa anabonyeza.

"Imefutika?"

"Unajua, akaunti aliifungua mkufunzi wa semina. Nampigia hapatikani."

"Mimi nakuuliza wewe. Wewe hujui kufuta?"

Feliksi alitazama ugali. "Najua kufungua. Najua kuweka. Na kuhamisha najua."

"Na kufuta?"

"Kufuta ilikuwa siku ya mwisho. Siku ya mwisho tukapiga picha ya pamoja, wakagawa vyeti."

Regina aliinua macho taratibu mpaka ukutani, kilipotundikwa cheti ndani ya fremu ya dhahabu iliyogharimu kuku wawili. Feliksi angependelea apigwe kwa beseni.

"Basi kama unajua kuhamisha," Regina alisema hatimaye, "mhamishe mama yangu."

Feliksi aliweka kidole juu ya nukta ya Rumonge akaanza kuivuta kusini. Kidole kikateleza, nukta ikabaki katikati ya ziwa.

"Baba, umemzamisha bibi," Wema alisema.

"Nyamaza, mtoto!"

Akaikamata tena, akaivuta, akaifikisha Kasingirima, na jina la mahali pembeni likabadilika lenyewe. Sasa Bibi Spesiosa alikuwa amezaliwa mtaa wa pili. Regina alisogea kuhakikisha, akatikisa kichwa kukubali, ila wote wawili walijua kwamba waliokwisha kuona walikuwa wameona. Akala kidogo akaenda kulala, na usiku ule alilala akiwa amegeukia ukutani.

*

Asubuhi Mwalimu Mkuu, Madam Recho, alikuwa anamngoja mlangoni pa ofisi.

"Mwalimu Feliksi, wageni wako wamefika."

"Si wanakuja Ijumaa, madam?"

"Hawa ni wengine."

Wazazi walikuwa wamejaa barazani. Wengine walikuja na wazee wao. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Feliksi zaidi. Mbele alikuwa Gélase, fundi wa kushona nyavu, mtu mpole ambaye kwa kawaida humwamkia mwalimu kabla mwalimu hajamwona.

"Mwalimu," Gélase alisema, "baba yangu kazaliwa Kasingirima, nyuma ya msikiti."

"Lakini kijana wako aliniambia Uvira."

"Kijana wangu alikuwepo?"

Gélase akasogea hatua moja.

"Mwalimu, mimi nina wanangu watano. Kila mmoja ataitwa siku yake kuulizwa. Wewe umetuandikia majibu yetu, umeyabandika kwenye simu za watu. Tumekukosea nini?"

Feliksi aliomba radhi. Aliomba kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiha, na kwa mara ya kwanza tangu semina hakutaja neno TEHAMA. Alikuwa na aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni. Kufuta, alikiri mbele ya Madam Recho na wazazi wote, hajui. Ila Wema alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba baba anajua kuhamisha, na wenzake walikuwa wameshawaambia wazazi wao. Kwa hiyo foleni ilikuwa tayari imejipanga.

Wakamwekea meza barazani. Mmoja baada ya mwingine wakaketi mbele yake kama kwa daktari, na Mwalimu wa Maarifa ya Jamii akashinda asubuhi nzima akizalisha upya wazee wa watu. Babu wa Kalemie akazaliwa Bangwe. Bibi wa Makamba akazaliwa Bangwe. Gélase alisimamia mpaka nukta ya baba yake ikakaa nyuma ya msikiti hasa, si pembeni, akaagiza isogezwe tena kidogo.

Mzee Yona, aliyekuja na fimbo na koti, alikataa Bangwe.

"Bangwe mmejaa. Mimi niweke Dodoma."

"Dodoma, mzee? Uliwahi kufika?"

"Sijafika. Lakini Dodoma nani atakuuliza?"

Foleni nzima ilicheka, hata Gélase, na Feliksi naye akacheka kwa sababu hakuwa na cheo tena cha kulinda. Akampeleka Mzee Yona Dodoma.

Aliyefuata alikuwa Frida, mjane muuza maandazi. Hakusema anataka kuhamishiwa wapi. "Mwalimu, kabla hujahamisha," alisema kwa sauti ya chini, "hebu nionyeshe kwanza."

Feliksi akaikuza ramani. Frida akainama, akaitazama pwani ile ya kaskazini ambako mama yake alizaliwa, barabara yake moja na nyumba zinazoonekana kwa juu kama punje. Akaigusa kwa kidole, picha ikaruka kidogo, akaondoa mkono haraka kama aliyeharibu kitu.

"Ndiyo hapo?"

"Ndiyo hapo, dada."

"Mama alisema kuna mto."

"Upo. Huu hapa."

Frida aliutazama mto. "Haya," alisema, akajifunga kanga vizuri. "Hamisha."

Feliksi alihamisha.

*

Ijumaa wageni walikuja na gari jeupe. Mwalimu Feliksi aliwasha projekta, na ramani ikatokea na nukta moja kubwa Bangwe, na mbali huko, peke yake katikati ya nchi, Mzee Yona.

"Inavutia," alisema mama mmoja wa mradi, akiinamisha kichwa upande. "Ina maana jamii hii haina uhamaji kabisa?"

Feliksi alikuwa bado anatafuta sentensi wakati mwanafunzi wa mbele aliponyoosha mkono. "Tulikuwa tumehama, madam. Mwalimu akaturudisha."

Wageni walicheka sana, wakaandika kitu, wakala wali na samaki, wakaondoka na projekta yao. Baadaye tulisikia imepelekwa shule nyingine ya mjini. Madam Recho alimwambia Feliksi apige chokaa upya pale watoto walipoacha alama za vidole, kwa mkono wake mwenyewe, na akapiga. Siku nyingine jambo hilo lingemuua. Siku hiyo alikuwa anafikiria Jumatatu.

*

Jumatatu Bibi Spesiosa alikuja asubuhi, kavaa kitenge cha harusi za watu.

"Shikamoo, mama," Feliksi alisema, macho chini.

"Marahaba. Nasikia umenivusha ziwa kwa kidole."

"Nisamehe, mama."

"Na ukanizamisha kidogo."

"Wema amekuambia?"

"Mtoto huniambia yote." Bibi alirekebisha kitenge. "Mama yangu alitembea. Miguu ilimvimba mpaka kufa kwake. Kama ungekuwepo na hicho kidole chako, angeshukuru sana."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo Feliksi alipotamani ardhi ipasuke. Akambebea mkoba. Njia nzima Regina na mama yake walitangulia wakizungumza Kiha kwa sauti ya chini, na yeye akifuata nyuma. Kila alipoongeza mwendo, mazungumzo yalihamia bei ya dagaa.

Kwenye ofisi walipokelewa na kijana mpole aliyewapisha viti. Feliksi akaketi wa kwanza. Alikuwa amejiandaa, alikuwa na kitabu cha Uraia ndani ya mfuko wa kaki, kimewekwa kipande cha karatasi kwenye ukurasa unaohusika.

"Na wewe ni nani, baba?"

"Mume wake. Na mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Jamii, kwa hiyo masuala haya ya uraia…"

"Asante, mwalimu. Wewe utatusubiri nje."

Alimtazama Regina, akitegemea aseme abaki. Regina alikuwa anaitazama meza. Feliksi akatoka na kitabu chake.

Benchi lilikuwa refu, lenye msumari unaosumbua. Limejaa watu wanaoongea kidogo, na kila mlango ulipofunguliwa wote walikaa wima. Feliksi alikaa. Baada ya muda naye akawa anakaa wima. Mwanamume wa pembeni akamgeukia, kwa adabu tu, ili kupoteza wakati.

"Na wewe, ndugu, mwenyeji wa wapi?"

"Bangwe," Feliksi alijibu mbio. "Bangwe kabisa. Nyumbani kwetu ni pale pale."

Kitambulisho chake kilikuwa mfukoni, cha miaka mingi, na kila mstari wake ni halali, wa mtu aliyezaliwa Kasulu. Alishtuka mwenyewe. Hakujirekebisha. Mwanamume yule alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyelisikia jibu hilo mara nyingi na hamlaumu mtu.

Alisubiri mpaka jua likahamia miguuni. Alisikia sauti ya mama mkwe kupitia ukuta, ndefu, inapanda na kushuka, lakini maneno hakuyapata. Alisikia kimya. Akasikia kitu kama kicheko, au labda siyo kicheko. Mlango ulipofunguliwa, Bibi Spesiosa alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge, na Feliksi hakuweza kujua yalikuwa machozi ya aina gani.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Tusubiri," Regina alisema.

"Na nyinyi mmesemaje? Mama mmesema kazaliwa wapi? Kasingirima? Au mmesema ile kweli?"

Regina alisimama. Alimtazama mumewe, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Kulikuwa na uchovu, na huruma kidogo.

"Baba Wema," alisema, "nikikuambia, nitayakuta ukutani."

Bibi Spesiosa akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

*

Kitambulisho kilitoka mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Regina alikileta nyumbani, akakiweka mezani juu ya kitambaa, Wema akakishika kwa vidole viwili kwenye kingo. Feliksi alikitazama mbele na nyuma. Kadi haisemi mtu alijibu nini. Alifurahi, furaha ya kweli kabisa, akanunua soda, na hakuuliza.

Siku iliyofuata akamsindikiza mkewe kwa wakala wa simu. Regina aliweka dole gumba kwenye kile kimashine, mara ya kwanza kikakataa kwa sababu ya magamba ya samaki, akalifuta kwenye kanga, kikakubali. Jina lake likatokea kwenye kioo, lote, herufi kubwa. Alilisoma kimyakimya, midomo ikicheza.

"Hongera, mama," alisema yule binti wa wakala. "Sasa weka namba yako ya siri."

Ile laini ya zamani namba ya siri alikuwa ameichagua Feliksi, mwaka aliozaliwa Wema, na alikuwa akiiingiza yeye mara nyingi kuliko mkewe. Basi kwa mazoea alinyoosha mkono aipokee simu.

Regina aliisogeza simu kifuani, akaifunika na kanga.

"Geuka," alisema.

Feliksi alitazama nyuma kuona ni nani anayeambiwa. Hapakuwa na mtu.

"Mimi?"

"Wewe. Geukia kule."

Binti wa wakala akajifanya anapanga vocha. Feliksi akageuka. Mbele yake kulikuwa na barabara, mwanamke na beseni la migebuka, na mbwa. Alisikia mkewe anabonyeza taratibu, bila haraka, akionja kila tarakimu. Iliuma, iliuma kuliko projekta na chokaa na lile benchi, na hakuona pa kulalamikia. Na hata Regina aliposema, "Tayari, twende," alibaki vile vile ameligeuzia duka mgongo, mpaka mkewe alipozunguka mbele yake na kumshika mkono.